Mwiba Niliouweka Nyongani

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minane. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu neno jingine sijapata. Mtu akiacha kazi anaweza kuifanya ileile kwingine. Mimi nimeacha ufundi wenyewe. Muhula ujao nitakuwa Bungoma nikifundisha jiografia kidato cha kwanza, na sitarajii kushika tena mfupa wa dinosaria, hata wa bandia.

Naandika kwa ajili yenu mnaobaki karakanani, na watakaokuja baada yenu. Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka. Nitaanza na siku ya kwanza.

Karakana yetu, kwa atakayesoma bila kutujua, iko Kitengela upande wa Noonkopir, nyuma ya yadi ya mawe ya kujengea. Kabla sijaja ilikuwa ikitengeneza vitu vya faibagilasi tu: matangi ya maji, mitelezo ya watoto wa chekechea, na twiga wa kusimama nje ya hoteli. Kisha mwenye karakana, Bwana Kamau, akapata kazi kutoka kwa Mzee Lekishon, mwenye shamba kubwa njia ya kwenda Kajiado, aliyeamua kujenga ukumbi wa kufundishia watoto wa shule. Mzee Lekishon alitaka dinosaria, na alikuwa na sharti moja: wawe wa Afrika Mashariki, si wa sinema.

Wa Afrika Mashariki wapo. Walitoka Tendaguru, kilima kilicho bara, mbali kidogo na pwani ya Lindi, kusini mwa Tanzania, kwenye miamba ya kipindi cha Jura yenye umri wa takriban miaka milioni mia moja na hamsini. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, chini ya Wajerumani, mamia ya wenyeji waliichimba mifupa hiyo na kuibeba kichwani siku kadhaa hadi bandarini. Mifupa mingi iko Ujerumani mpaka leo. Sisi tuliletewa picha zake za kompyuta, vipande vya plastiki vikachapishwa Nairobi kwa mashine ya 3D, kisha kazi yetu ikawa kutengeneza kalibu, au moldi kama tulivyoziita, na kumwaga humo mifupa ya faibagilasi.

Kamau alihitaji mtu aliyesomea mawe, ili mteja akiuliza kuwe na wa kujibu. Nilikuwa na shahada ya jiolojia na mwaka mzima wa kukaa nyumbani. Nilifika na daftari jipya, kalamu nne, na orodha ya maswali niliyodhani wangeniuliza. Hakuna aliyeniuliza hata moja. Kamau alinionyesha mlango wa nyuma, akasema, "Enda kwa Mama Nekesa akuonyeshe kazi."

Mama Nekesa alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye mikono ya mtu mrefu. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na zaidi katika chumba cha plasta cha hospitali moja ya serikali, akifunga mikono na miguu iliyovunjika. Alipostaafu, Kamau alimchukua kwa sababu hakuna mtu mwingine Kitengela aliyejua plasta namna ile. Mifupa ya mtu aliijua kwa vidole. Mifupa ya dinosaria alikuwa ameanza kuijua wiki mbili kabla yangu.

"Wewe ndio daktari wa mawe?" aliniuliza.

"Si daktari, Mama. Niko na digrii ya kwanza tu."

"Sijauliza una ngapi. Toa hiyo saa, kunja shati."

Nilidhani tunaanza kazi. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaufunga mkono wangu wa kulia kwa plasta, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Plasta ikianza kuganda hupata joto. Nilikuwa nimelisoma hilo shuleni, lakini sikuwa nimewahi kulihisi, na nilipolihisi nilifikiri kuna kitu kimeenda vibaya.

"Inachoma, Mama."

"Haichomi. Inafanya kazi. Mtu hajui plasta kabla imfunge."

Nilikula chakula cha mchana kwa mkono wa kushoto, wali ukinidondokea magotini, huku Mutiso, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, akiwaita wapita njia waje waone mgonjwa. Saa nane Mama Nekesa alinikata plasta ile kwa mkasi mkubwa. Ndani yake kulikuwa na mkono wangu wote: kila mshipa, kila kucha, hata kovu la utotoni nililokuwa nimelisahau. "Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Ukiharakisha, haikumbuki kitu."

Mengine aliyonifundisha nayaandika hapa, maana sijayaona katika kitabu. Unga humwagwa kwenye maji, si maji kwenye unga. Ukishaumwaga, usikoroge, ngoja uzame wenyewe na ulowe, ndipo utie mkono. Kwa jua la Kitengela tumia maji ya baridi, la sivyo plasta itakugandia ndooni ukiwa bado unatafuta brashi. Kabla ya kumwaga resini, ile gundi ya majimaji inayoganda kuwa faibagilasi, funga dirisha la upande wa mashariki, kwa kuwa upepo wa saa tano huleta vumbi la yadi, na vumbi likiingia kwenye mfupa utalipiga msasa siku nzima. Meno ya mnyama yamwagwe kidogokidogo, ukigonga meza kwa ngumi ili mapovu yapande. Mimi niliharibu taya tatu kabla sijakubali hilo la kugonga meza, kwa sababu nilikuwa nikitafuta maelezo yake ya kisayansi. Yapo, lakini taya hazikungoja.

Mfupa wetu wa kwanza mkubwa ulikuwa wa mkono wa mbele wa jitu moja la shingo ndefu. Ulimpita Kamau kwa urefu. Tuliposimamisha nakala yake uani, Kamau aliuzunguka mara mbili, akajipima nao, akasema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, "Na huu ni mkono?" Majirani waliokuja kununua tangi walipiga nao picha. Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sikuitambua, kwa kuwa nilikuwa nikihangaika kama rangi yake ya hudhurungi imezidi.

Kuna desturi moja ya Mama Nekesa ambayo lazima niieleze vizuri. Katika chumba chao cha plasta kule hospitalini, hakuna aliyefungwa mpaka daktari aandike kwenye kadi, kwa mkono wake, ni kiungo gani na upande gani, kisha atie sahihi. Kwa mdomo haikubaliki. Nilimuuliza sababu.

"Kuna siku daktari alikuwa na haraka," akasema. "Aliniambia kwa mdomo, mguu wa kulia. Nikafunga wa kulia, kazi safi. Uliovunjika ulikuwa wa kushoto."

"Na mgonjwa hakusema?"

"Alikuwa amelewa. Alisema asante."

Tangu hapo hakugusa mtu bila maandishi, na desturi hiyo alikuja nayo karakanani. Kila mfupa uliotakiwa kutobolewa tundu la kupitisha chuma, nilipaswa kuchora tundu hilo kwenye mchoro wa mnyama, kuandika jina la mfupa na upande, na kutia sahihi. Aliuliza kila mara, hata kwa mbavu ambazo mtoto angejua zinakaa wapi. Mutiso alimtania kwamba anangoja daktari kwa mgonjwa aliyekufa kabla hata ya milima. Yeye akajibu, "Ndio maana sitaki nimkosee. Hawezi kulalamika." Mimi nilitia sahihi mara mia na zaidi, na kila mara niliona ni jambo la kuchekesha kidogo.

Mnyama wa mwisho katika kazi ya Mzee Lekishon alikuwa Kentrosaurus. Ni mnyama wa karibu urefu wa pikapu, mwenye kichwa kidogo, vibao vya mfupa shingoni na mgongoni, kisha miiba mirefu kutoka katikati ya mgongo hadi mkiani. Zaidi ya hiyo, ana miiba miwili ya pembeni, mmoja kila upande, yenye kitako kipana cha mviringo kama sahani. Hiyo ya pembeni ndiyo kisa chetu. Waliochimba Tendaguru walikuta mifupa ya wanyama wengi imechanganyika, kwa hiyo hakuna aliyeiona miiba hiyo ikiwa mahali pake. Wataalamu wa kwanza waliiweka nyongani. Baadaye jamaa za mnyama huyu walipatikana Uchina wakiwa na miiba ya namna hiyo begani, na wengi wakahamia begani.

Mama Nekesa hakuwa amesoma lolote kati ya hayo. Siku tulipoutoa mwiba wa kwanza kwenye moldi, aliubeba kama mtoto, akaenda nao kwenye bapa la bega lililokuwa limelazwa mezani, akakalisha kitako chake juu, akauzungusha kidogo.

"Huu ni wa bega," akasema.

"Mama, hilo jambo wataalamu wamebishana miaka mingi."

"Wabishane. Wewe weka mkono hapa uone unavyokaa."

Niliweka mkono. Ulikaa. Nikasema hilo halitoshi kuwa ushahidi, nikarudi kwenye simu yangu kusoma makala nyingine. Kwa wiki mbili nilisoma kila nilichoweza kupata, nikamwandikia Kamau ripoti ya kurasa sita, yenye sababu za nyonga upande mmoja na sababu za bega upande mwingine. Mwisho wake kabisa, kwa herufi za kawaida tu, nilikiri kwamba bega lina uzito zaidi.

Ufunguzi wa ukumbi ulikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi Kamau aliniita.

"Wafula, nimesoma ukurasa wa kwanza. Ni wapi sasa?"

"Inategemea, bosi."

"Inategemea nini?"

"Ukifuata wale wa zamani ni nyonga. Ukifuata utafiti wa karibuni ni bega. Lakini kuna mmoja anasema kwamba..."

"Sikiza. Mama Nekesa ako na drili mkononi. Gari inabeba kesho. Atoboe wapi?"

Mezani kwake kulikuwa na picha aliyopewa na Mzee Lekishon, iliyotolewa kwenye kitabu cha zamani, na ndani yake miiba ilikuwa nyongani. Niliitazama nikafikiri hivi: nikikosea nyonga, nitakuwa nimekosea pamoja na watu wakubwa, nikikosea bega, nitakuwa nimekosea na mama wa plasta. Nikasema, "Nyonga." Naweza kuwaeleza sababu nyingine za heshima, lakini ya kweli ni hiyo.

Nilipompelekea Mama Nekesa neno hilo, alinisogezea mchoro. Juu yake nilikuwa nimechora duara mbili kwa penseli, moja begani na moja nyongani, kila moja na alama ya kuuliza.

"Wewe ndio umesoma," akasema. "Lakini uandike."

"Nitaandika, Mama. Imebaki makala moja nimalizie."

"Leo ni Alhamisi, Wafula."

"Saa tisa utakuwa umeipata."

Saa tisa nilikuwa bado nasoma. Saa kumi alikuja mlangoni akiwa amevaa miwani yake ya kazi, akanitazama nikiwa nimeinamia simu. Nilimwonyesha kidole kimoja, kumaanisha dakika moja. "Sawa," akasema. "Leo nitafunga kwa mdomo." Nikasikia drili ikianza. Sikuinuka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walimu walikuja na madarasa yao, Mzee Lekishon akasimama mlangoni akimsalimu kila mtu "Sopa", na wasiojua Kimaasai wakafundishwa palepale kujibu "Ipa". Mama Nekesa alikuja na mjukuu wake Faith, msichana wa darasa la tatu, amevalishwa gauni la kanisani. Nilimsikia akimwambia, "Ile mguu ni mimi. Ile mkia yote ni mimi. Yale meno, hesabu, ni mimi." Mtoto alikuwa akihesabu kweli.

Miongoni mwa wageni alikuwemo mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, mwanamke mpole, aliyezunguka mifupa yetu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye Kentrosaurus alisimama. "Kazi nzuri sana," akasema. "Ila hii miiba ya pembeni, mbona mmeiweka nyongani? Siku hizi wengi tunaiweka begani."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mzee Lekishon alikuwa kando yake. "Kwani imewekwa mahali si yake?" akauliza. Mwalimu mmoja wa kiume akacheka, akasema, "Ni kama polisi ameweka cheo kwa suruali," na darasa lake lote likacheka naye, kwa sababu mwalimu akicheka darasa hucheka.

Kamau aligeuka. "Nani aliiweka hapo?"

Nilijua jibu. Lilikuwa maneno mawili. Lakini nilikuwa nikipanga nianzeje: kama nianze na historia ya mabishano, ili isionekane ni ujinga, au nianze na kuomba radhi, au nitaje kwanza ile picha ya mteja, jambo ambalo lingemwaibisha mteja. Nilichagua la kwanza, nikaliacha, nikachukua la pili. Mama Nekesa alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni apite kwanza. Alingoja. Kisha alipoona sipiti, akapita yeye.

"Nilitoboa mimi," akasema.

"Mama, hapa si wodi," Kamau akasema, na sauti yake ilifika mbali. "Hapa ukikosea mfupa, watoto wanafundishwa uongo. Ulifanya ya kichwa yako?"

"Nimesikia, bosi."

Mhadhiri, nadhani kwa aibu, akaanza kuusifu mguu. Watu wakasogea mbele. Faith aliacha kuhesabu meno. Mimi nilikuwa bado na sentensi ya pili mdomoni.

Wiki iliyofuata tulihamisha miiba. Niliziba matundu ya nyonga kwa resini, nikapiga msasa, nikapaka rangi, na nawaambia kwamba mtu akisimama hatua mbili hayaoni. Begani miiba ilikaa kama alivyosema. Kibao cha majina ya waliotengeneza kilipigiliwa ukutani: jina la Kamau, la Mutiso, na langu. Kamau alikuwa ameamua Mama Nekesa asiguse mifupa tena. Akarudishwa kwenye matangi. Alifanya matangi wiki tatu, akiwa mita kumi kutoka mezani kwangu. Jumatatu ya wiki ya nne hakuja. Aliacha miwani yake ya kazi imening'inia msumarini, na hakuna aliyempigia simu isipokuwa Mutiso.

Mtauliza kwa nini sikusema kesho yake, au kesho kutwa. Nami nimejiuliza. Kila siku iliyopita iliongeza jambo la kuelezwa: sasa si kosa la mwiba tu, ni kosa la kunyamaza Jumamosi, na la kunyamaza Jumatatu. Nilimwandikia ujumbe kwenye simu mara nyingi. Ulianza mfupi, nikauongeza, ukawa mrefu mno kwa simu, nikaufuta. Miezi kumi na moja ilikwisha hivyo. Wanyama wa wateja wengine tuliwamaliza vizuri. Nyote mnaowasifu wale wadogo wa miguu miwili, kazi ile niliifanya nikiwa na mikono aliyonifundisha yeye, na hakuna nilichofurahia.

Nilipopata barua ya Bungoma nilikwenda kwanza kwa Kamau, nikafunga mlango wa ofisi, nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na siku hiyo ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwa hapo."

"Najua ulikuwa hapo. Nauliza ulikuwa wapi."

Kamau alijikuna kidevu. "Mwambie akitaka arudi, aje. Nilimkosea yule mama, Wafula. Lakini nilimkosea na mdomo yako."

Jumapili nikaenda Nkoroi, kule Ongata Rongai, anakokaa na binti yake. Nilimkuta barazani akichambua mboga ya mrenda kwenye ungo.

"Daktari wa mawe," akasema. "Umekonda. Hao wa Kitengela hawakulishi?"

"Nakula, Mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kaa kwanza."

Nilikaa nikaanza. Nilikuwa nimejipanga. Nilianza na jinsi mifupa ilivyochanganyika kule Tendaguru, nikafika kwa wale jamaa wa Uchina wenye miiba begani, naye akainua kiganja chenye majani.

"Wacha Uchina. Sema."

"Ni mimi nilisema nyonga. Halafu nikanyamaza."

"Najua. Nilikuwa hapo." Akarudi kwenye mrenda wake. "Kamau umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema urudi."

"Ulimwambia wapi?"

"Ofisini."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Na mlango?"

Nilitazama chini. "Nilikuwa nimeufunga."

"Mimi niliambiwa mbele ya watu, mwanangu. Mbele ya walimu. Mpaka leo hii, Faith akiona dinosaria kwa kitabu ananiangalia mimi kwanza, kuona kama nitaona haya." Hakuinua sauti. Alitupa shina kando. "Msamaha nimekupa, chukua uende nao. Kazi sirudi. Niko kliniki moja hapa Kware siku tatu kwa wiki, nafunga watoto wa shule. Daktari ni msichana, rika yako tu. Lakini anaandika."

Nilimuuliza kama angependa niseme mbele ya watu karakanani, na kama ndiyo, siku gani ingefaa, na kama angetaka awepo.

"Usiniulize," akasema. "Ukiniuliza utaanza kufikiria."

Kwa hiyo siku yangu ya mwisho, wakati wa chai ya saa nne, nilisimama. Mlikuwepo wengi. Sikuwa nimeandika chochote, na niliogopa kuliko siku ya mtihani wowote. Nilisema kwamba miiba ya Kentrosaurus ya kule ukumbini iliwekwa nyongani kwa neno langu. Nilisema Mama Nekesa alitaja bega tangu siku ya kwanza, kwamba aliniomba niandike nikamwacha anasubiri, na kwamba alipolaumiwa mbele ya watu nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na nikanyamaza. Haikuchukua hata dakika moja. Miezi kumi na moja nilikuwa nimedhani ni jambo refu.

Kamau, aliyekuwa ameegemea mlango, alitikisa kichwa mara moja kukubali. Mutiso alikitazama kikombe chake. Wengine mlitazamana, mandazi yakiwa mikononi. Ndipo Purity, aliyeajiriwa mwezi wa tatu, akauliza, kwa heshima kabisa:

"Samahani, Wafula. Lakini Mama Nekesa ndio nani?"

Niliwatazama mmoja mmoja. Tulikuwa tisa. Ukiniondoa mimi, Kamau na Mutiso, nyote mlioajiriwa baada ya yeye kuondoka mlikuwa mkingoja jibu.